Reuter: Aliyeanza na njiwa, akaufikishia ulimwengu habari kwa kasi

JINA Reuters si geni kwa yeyote aliyezoea kusoma magazeti. Huonekana chini ya picha za vita na mafuriko, mwanzoni mwa taarifa za kigeni, na kwenye skrini za madalali wa hisa kuanzia Nairobi hadi Tokyo. Baadhi ya wasomaji hudhani ni ufupisho wa maneno fulani ya Kizungu. Kumbe lilikuwa jina la mtu, na isitoshe, mtu mwenyewe hakuzaliwa nalo.

Israel Beer Josaphat alizaliwa Julai 21, 1816, katika mji wa Kassel nchini Ujerumani. Babake alikuwa rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi, na aliiaga dunia mwaka wa 1829 kabla mwanawe hajabaleghe. Kijana huyo alipelekwa katika mji wa Göttingen kwa jamaa aliyekuwa na benki, akaajiriwa kama karani. Kazi yenyewe haikuwa ya kujivunia, ila ilimfunza jambo ambalo hakulisahau maisha yake yote: kwamba bei ya fedha katika mji mmoja ina thamani kwa mfanyabiashara wa mji mwingine, mradi tu aipate kabla ya mwenzake. Akiipata kesho, haina faida tena.

Mji huo wa Göttingen ulikuwa na chuo kikuu mashuhuri. Mwaka wa 1833 mtaalamu wa hisabati Carl Friedrich Gauss, pamoja na mwenzake Wilhelm Weber, walitandaza waya juu ya mapaa ya nyumba wakaanza kutumiana ujumbe kwa nguvu za umeme. Karani yule alipata kufahamiana na Gauss. Wakati huo watu wengi waliuchukulia ule waya kuwa mchezo wa wasomi.

Mwaka wa 1845 alivuka bahari hadi London. Huko alibatizwa katika kanisa moja la Kilutheri la Wajerumani mnamo Novemba 16 na kujipa jina jipya, Paul Julius Reuter. Wiki moja baadaye alifunga ndoa na Ida Magnus, msichana kutoka Berlin. Ni vyema kumtaja bibi huyu mapema, kwani masimulizi mengi humsahau ilhali katika miaka ya dhiki alikuwa karani, mfasiri na msaidizi wa mumewe kwa wakati mmoja.

Waliporejea Berlin, Reuter aliingia ubia katika duka la vitabu lililokuwa pia likichapisha vijitabu. Mwaka wa 1848 mapinduzi yalizuka katika miji mingi ya Ulaya. Vijitabu vya kisiasa vilivyotoka katika duka hilo havikuwapendeza wakuu wa Prussia, na mambo yalipogeuka, Reuter na mkewe walitorokea Paris. Huko alipata kibarua cha kutafsiri magazeti katika shirika la Charles Havas, Mfaransa aliyekuwa wa kwanza kuigeuza habari kuwa bidhaa ya kuuzwa kwa magazeti. Bernhard Wolff, Mjerumani mwingine ambaye baadaye angekuwa mshindani mkubwa wa Reuter, pia alipitia mikononi mwa Havas.

Reuter hakudumu katika ajira hiyo. Mwanzoni mwa mwaka wa 1849 alianzisha jarida lake la habari zilizonakiliwa kwa mkono, akilituma kwa magazeti ya Ujerumani. Yeye na Ida walifanyia kazi katika makao duni, wakitafsiri na kunakili mchana kutwa ili kuiwahi posta ya jioni. Ilipofika majira ya kiangazi biashara ilikuwa imekufa.

Njiwa wa Aachen

Oktoba 1, 1849, serikali ya Prussia iliufungulia umma laini ya telegrafu kutoka Berlin hadi Aachen, mji ulio mpakani na Ubelgiji. Huko Berlin, Wolff aliuwahi upande mmoja wa waya huo. Reuter naye akaenda kukaa upande wa pili.

Tatizo lilikuwa pengo. Habari na bei za masoko ya hisa zilizotoka Ufaransa na Ubelgiji zilifika Brussels, lakini kati ya Brussels na Aachen hapakuwa na waya. Ni mwendo wa takriban kilomita 120, na garimoshi la posta lilichukua muda mrefu kuukamilisha. Mfanyabiashara wa Aachen au wa Cologne alilazimika kusubiri, na aliyesubiri alipata hasara.

Reuter alimwendea Heinrich Geller, mtengenezaji wa bia aliyekuwa pia mfugaji wa njiwa, wakaandikiana mkataba. Geller angetoa njiwa waliofunzwa, na baadaye idadi ikapanda na kupita 200. Aprili 28, 1850, huduma ilianza. Njiwa walipelekwa Brussels kwa garimoshi, kwa sababu njiwa wa posta haendi popote anapotumwa. Hujua kurudi nyumbani tu, na nyumbani kwao kulikuwa Aachen. Bei za hisa ziliandikwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi nyepesi na kufungwa mwilini mwa ndege. Kwa kuwa mwewe na dhoruba havikosekani, ujumbe ule ule ulipewa njiwa watatu. Ndege hao walifika kwa muda wa saa mbili hivi, saa sita kabla ya garimoshi.

Saa sita katika soko la hisa ni umri mzima. Anayejua kwamba hisa zimeporomoka Paris anaweza kuziuza zake Aachen asubuhi kwa wasiojua. Hapa ndipo Reuter alipoonyesha kwamba alikuwa ameifikiria biashara yake kuliko wengi. Inasimuliwa kwamba wateja waliolipia huduma walipokusanyika ofisini kwake, aliufunga mlango hadi kila mmoja apewe nakala yake, ili pasiwepo aliyetoka mbio na kumtangulia mwenzake sokoni. Alichokuwa akiuza kilikuwa kasi pamoja na uhakika kwamba mteja mdogo hatapata habari baada ya mteja mkubwa. Lau angewapendelea matajiri wachache, angepata fedha za haraka na kupoteza wengine wote.

Biashara ya njiwa ilidumu kwa miezi michache tu. Telegrafu ilikuwa ikisogea, na mhandisi mmoja wapo waliokuwa wakiitandaza katika eneo hilo alikuwa Werner Siemens, ambaye kampuni yake ingali na jina lake hadi leo. Katika kumbukumbu za maisha yake, Siemens ameeleza jinsi Bi Reuter alivyomlalamikia kwamba waya wake ungewanyima mkate. Siemens aliwashauri wahamie London, wakafungue huko ofisi ya habari za telegrafu kabla mtu mwingine hajafanya hivyo. Kufikia mwaka wa 1851 pengo lilikuwa limezibwa, njiwa wakakosa kazi, nao mume na mke wakafunga safari.

Vyumba viwili na mvulana mmoja

Ofisi ya London ilifunguliwa Oktoba 10, 1851, katika jengo la Royal Exchange, katikati ya mtaa wa mabenki. Ilikuwa na vyumba viwili. Mfanyakazi wa pekee alikuwa mvulana wa umri wa miaka 12 hivi, Fred Griffiths, ambaye kazi yake ilikuwa kukimbia na karatasi kutoka ofisini hadi kwa wateja. Baadaye mvulana huyo alipanda cheo hadi akawa miongoni mwa wakuu wa kampuni.

Wakati ulikuwa umechaguliwa vyema. Novemba 13, 1851, mwezi mmoja tu baadaye, waya wa chini ya bahari kati ya Dover nchini Uingereza na Calais nchini Ufaransa ulifunguliwa kwa umma. Reuter akaanza kubadilishana bei za hisa kati ya London na Paris mara mbili kwa siku. Wateja wake wa mwanzo walikuwa mabenki, madalali na wafanyabiashara wa nafaka waliotaka kujua bei ya ngano katika bandari za mashariki mwa Ulaya.

Magazeti hayakumtaka. Gazeti la The Times, lililokuwa na nguvu kupita mengine, lilikuwa na waandishi wake katika nchi za kigeni na halikuona sababu ya kumlipa mgeni mwenye lafudhi ya Kijerumani. Alibisha hodi kwa miaka saba. Mwaka wa 1857 alipata uraia wa Uingereza, na mwaka uliofuata akajaribu tena kwa mbinu tofauti. Alimwendea James Grant, mhariri wa gazeti la Morning Advertiser, na kumpa habari bila malipo kwa majuma mawili. Akiridhika, angelipa pauni 30 kwa mwezi, ilhali gazeti hilo lilikuwa likitumia pauni 40 kwa telegramu zake lenyewe. Grant aliridhika. Wahariri wengine wa London wakafuata mmoja baada ya mwingine, na hatimaye hata The Times likakubali.

Sharti alilolisisitiza Reuter lilikuwa kwamba jina lake lionekane kwenye habari. Mwanzoni lilionekana kama majivuno. Baada ya muda msomaji wa London alizoea kuliona jina hilo na kuliamini, na gazeti lililolikosa likaonekana limepitwa.

Februari 7, 1859, Mfalme Napoleon wa Tatu wa Ufaransa alitarajiwa kufungua bunge kwa hotuba. Ulaya nzima ilingoja kusikia iwapo atatangaza uhasama na Austria juu ya Italia. Reuter aliomba apewe nakala ya hotuba mapema, ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa ahadi kwamba haitafunguliwa hadi mfalme aanze kusema. Kisha akaukodi waya wa chini ya bahari kwa saa nzima. Mfalme alipofungua kinywa Paris, ajenti alifungua bahasha, na maneno yakaanza kusafiri. Kabla ya alasiri kwisha hotuba ilikuwa inauzwa katika barabara za London kwenye toleo maalumu la magazeti. Miezi michache baadaye vita vilizuka kweli, naye Reuter akaweka maajenti katika kambi za pande zote zilizopigana. Wasomaji wa Uingereza wakapata fursa, pengine kwa mara ya kwanza, ya kulinganisha maelezo ya maadui kuhusu vita vile vile.

Mikebe baharini

Amerika ilikuwa ngumu zaidi kuifikia, maadamu hapakuwa na waya wa kuvuka Bahari ya Atlantiki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vikiendelea huko Marekani, viwanda vya nguo vya Uingereza vilivyotegemea pamba ya kusini vilitetereka, na kila meli iliyotoka New York ilisubiriwa kwa hamu na hofu. Meli hizo zilipita karibu na pwani ya Ireland kabla ya kufika bandarini. Mwaka wa 1863 Reuter alijenga laini yake mwenyewe ya telegrafu kutoka mji wa Cork hadi kijiji cha Crookhaven, kwenye ncha ya kusini magharibi ya kisiwa hicho. Meli zilipopita, habari zilitupwa baharini ndani ya mikebe isiyoingia maji, mashua zikaziokota, na saa kadhaa kabla meli haijatia nanga habari zikawa zimefika London.

Rais Abraham Lincoln alipigwa risasi usiku wa Aprili 14, 1865, na kufariki asubuhi iliyofuata. Ulaya haikujua hadi Aprili 26. Shirika la Reuter lilikuwa la kwanza kuitangaza habari hiyo London. Simulizi iliyozoeleka husema kwamba ajenti wake wa New York alikodi mashua ya mvuke ili kuifukuzia meli ya posta iliyokwisha ng'oa nanga; wanahistoria hawakubaliani juu ya hilo. Lisilobishaniwa ni kwamba masoko ya hisa yalitikisika, na kwamba walioshuku taarifa hiyo siku ile walikuja kuiamini.

Mwaka huo huo wa 1865 biashara ya mtu mmoja iligeuzwa kuwa kampuni ya hisa yenye mtaji wa pauni 250,000. Mwaka uliofuata waya wa Atlantiki ulifanya kazi bila kukatika, ingawa ujumbe wa maneno 20 uligharimu pauni 20, pesa ambazo fundi wa kawaida hangezipata kwa miezi kadhaa. Ofisi zilifunguliwa Alexandria na Bombay, kisha zikasambaa mashariki ya mbali na kusini mwa Afrika.

Januari 1870, mashirika matatu, la Reuter, la Havas na la Wolff, yalitia saini makubaliano ya kugawana ulimwengu. Reuter alijitwalia himaya ya Uingereza na sehemu kubwa ya Asia, Havas akachukua maeneo ya Ufaransa, Wolff akapewa Ujerumani na nchi za kaskazini na mashariki mwa Ulaya. Mtu yeyote katika eneo la mmoja wao alipata habari za dunia kupitia kwake tu. Mkutano wa Berlin wa kugawana Afrika ulikuwa bado miaka 14 mbele, lakini upande wa habari kazi hiyo ilikuwa imeshafanywa. Athari zake zilidumu. Kwa miongo mingi, msomaji wa gazeti Mombasa aliyetaka kujua yaliyotokea Dakar alisubiri habari ipitie Paris na London kwanza. Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963 na kuunda shirika lake la habari, KNA, ilikuwa ni katika jitihada za kujinasua kutoka katika mpango uliotokana na saini zile.

Pwani yetu yenyewe iliungwa na mtandao huo mwaka wa 1879. Januari ya mwaka huo jeshi la Uingereza lilishindwa vibaya na Wazulu katika vita vya Isandlwana, na habari ikachukua karibu wiki tatu kufika London kwa sababu waya haukufika kusini mwa Afrika. Aibu hiyo iliharakisha kazi, na kabla ya mwaka kwisha waya wa chini ya bahari ulikuwa umetandazwa kutoka Aden kupitia Zanzibar hadi Durban. Tawi la Mombasa lilifuata mwaka wa 1890. Waswahili waliuita mtambo huo simu, neno lililotokana na sim ya Kiajemi, yaani waya.

Baroni na Uajemi

Na Uajemi ndiko alikoangukia. Mwaka wa 1871 mtawala wa Saxe-Coburg-Gotha alimtunuku Reuter cheo cha baroni, na mtoto wa rabi wa Kassel akaanza kuitwa Baroni de Reuter. Pengine cheo kilimpa kiburi. Julai 25, 1872, Shah Naser al-Din wa Uajemi alimpa mkataba ambao haujawahi kuonekana mfano wake: haki ya kujenga reli, kuchimba madini, kutumia maji na misitu, kuanzisha benki, na kukusanya ushuru wa forodha kwa zaidi ya miaka 20. Kwa maneno mengine, nchi nzima ilikuwa imekodishwa kwa mtu mmoja. Urusi ilikasirika. Uingereza, aliyotarajia imtetee, ilikaa kimya. Viongozi wa dini na wakuu wa dola mjini Tehran walipiga kelele, na Shah aliporejea kutoka ziara yake ya Ulaya mwaka wa 1873, mkataba ukavunjwa.

Reuter alipigania fidia kwa miaka 16. Mwaka wa 1889 alipewa haki ya kufungua benki ya Imperial Bank of Persia, iliyoruhusiwa kutoa noti za nchi hiyo. Ni ajabu kidogo kwamba mtu aliyejenga jina lake kwa kujua mambo kabla ya wengine hakuona kwamba mkataba kama ule ungezua ghadhabu.

Kufikia hapo alikuwa amekwisha kuachia usukani wa kampuni. Mwaka wa 1878 mwanawe, Herbert, ambaye moyo wake ulikuwa kwenye muziki, alishika nafasi ya babake. Mzee alitumia miaka yake ya mwisho katika jumba lake mjini Nice, kusini mwa Ufaransa, na hapo ndipo alipofariki Februari 25, 1899, akiwa na umri wa miaka 82. Mwili wake ulirudishwa London na kuzikwa katika makaburi ya West Norwood.

Familia haikuishi na kampuni kwa muda mrefu. Herbert alijiua mwaka wa 1915, siku chache baada ya kufiwa na mkewe, na mwanawe, Hubert, akauawa vitani mwaka uliofuata. Kampuni ikaingia mikononi mwa watu wengine, na mwaka wa 2008 ikaungana na Thomson ya Canada. Mjane wa mjukuu wa Reuter, wa mwisho aliyekuwa akilibeba jina hilo la ukoo, alifariki Januari 2009 akiwa na umri wa miaka 96. Karibu na jengo la Royal Exchange, palipokuwa na vile vyumba viwili, kuna sanamu ya kichwa cha Reuter iliyochongwa katika jiwe na kuzinduliwa mwaka wa 1976.